Viti Viwili vya Shangazi Helen

Nyumbani kwa Sajini Okwera, hata sukari ikipungua kwenye kopo, watu waliandika maelezo.

Sajini Okwera alikuwa mwanajeshi katika kambi ya Mbuya, na kazi yake ilikuwa kuandikisha maelezo ya kila tukio. Lori likigonga ukuta, maelezo. Kofia ikipotea, maelezo. Tabia hiyo aliileta nyumbani kila jioni pamoja na buti zake. Juu ya redio palikaa daftari jeusi. Kikombe kikivunjika, kila aliyekuwapo aliitwa, akaandika ameona nini, saa ngapi, akiwa amesimama wapi, kisha akatia sahihi. Paka peke yake ndiye aliyesamehewa, na pengine ndiye aliyekuwa na mengi ya kueleza.

Binti yake Aciro, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kazi zake za Jumapili asubuhi: kufagia ua, kupiga buti rangi na kupanga viti. Kupanga viti si kazi ya kudharau. Inataka akili, hasa siku ambayo Shangazi Helen anakuja.

Shangazi Helen alikuwa dada mkubwa wa baba yake. Aliishi Makindye, na alifuma sweta za wanafunzi kwa mashine. Alikuwa mnene, mnene wa kutosha, na kicheko chake kilifika mlangoni kabla yake. Sasa, pale kambini, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Kampala, mgeni mnene huwekewa viti viwili vya plastiki vilivyopandanishwa, kimoja ndani ya kingine, ili visaidiane kubeba. Hakuna anayelisema jambo hilo. Mwenyeji hupanga mapema, mgeni hujifanya hakuona, na chakula huletwa.

Jumapili hiyo ilikuwa ya furaha. Baba alikuwa ameongezewa cheo kutoka koplo hadi sajini, na wageni walialikwa kula nyama na mboga ya malakwang iliyoungwa kwa karanga. Kwa ajili ya siku hiyo, Baba alinunua viti sita vipya katika duka la Bwana Arsène kule Ntinda. Vilikuwa vya buluu. Kwenye mgongo wa kila kiti palikuwa na kibandiko chenye picha ya ndovu ameketi juu ya kiti, anatabasamu, na chini yake maandishi: Hubeba kilo 150.

"Aciro," Mama aliita kutoka jikoni, "Shangazi mwekee viwili."

"Ndiyo, Mama."

Lakini usiku mvua ilikuwa imenyesha, na mkeka wa watoto ulikuwa umetandikwa juu ya nyasi zilizolowa. Aciro alikuwa amevaa gauni jeupe. Alitazama mkeka, akatazama gauni, akatazama viti sita. Kama Shangazi angekalia viwili, wakubwa wote wangeketi na yeye angelowa. Kama Shangazi angekalia kimoja, kingebaki kimoja kwa mtu mwenye gauni jeupe.

"Kama ndovu anakaa kwenye kimoja," alijiambia, "Shangazi naye atakaa."

Akachukua kiti cha sita, akakiweka nyuma kidogo, akaketi kama mke wa jenerali. Rafiki yake Babra, aliyekuwa mkekani, akamtazama na kusema, "Ukubwani umehamia lini?"

"Leo," Aciro akajibu.

Kaka yake Babra, kijana aitwaye Travis, alikuwa akizunguka na simu yake akipiga picha.

Muda si mrefu, Shangazi Helen aliinua chupa ya soda ili amtakie kaka yake heri. Mlio ukasikika, kama mtu aliyevunja muwa. Mguu wa nyuma wa kiti ulikatika, na Shangazi akaenda chini, akitanguliza mkono wa kushoto.

Watu walicheka. Wakubwa walicheka wakiziba midomo. Watoto hawakuziba.

"Hizo ni kilo, si mchezo," mgeni mmoja akasema.

Shangazi mwenyewe alicheka pia, kwa sababu mtu akichekwa na wengi hujiunga nao ili asibaki peke yake. Alicheka mpaka alipojaribu kuinuka kwa ule mkono. Hapo kicheko kilikatika na machozi yakamtoka.

Jirani mmoja akasogea, akitaka kuuvuta mkono ili mfupa urudi mahali pake. Mama akamzuia.

"Mkono si muhogo wa kung'olewa," alisema. "Twendeni hospitali."

Huko hospitali walipiga picha ya mifupa, wakaona mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika. Shangazi akafungwa plasta ngumu kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, akaambiwa asiutumie mkono huo kwa wiki sita. Mama akaomba karatasi zote, akazikunja vizuri na kuzitia mkobani.

Jioni, Baba alishusha daftari jeusi.

"Aciro. Uliambiwa uweke viti vingapi?"

"Viwili, Baba."

"Ukaweka vingapi?"

Aciro alikumbuka jinsi watu walivyoruka wote, viti vikatawanyika, na mkeka ukakanyagwa. Nani angekumbuka?

"Viwili," akasema.

"Andika."

Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Nilimwekea Shangazi viti viwili vilivyopandanishwa kama nilivyoagizwa. Akatia sahihi. Baba akafunga karatasi ndogo kwenye kiti kilichovunjika na mguu wake, akaiandika "Kielelezo Namba Moja", kisha akavisukuma chini ya kitanda.

Kesho yake shuleni, Babra alimjia wakati wa mapumziko, ameweka mikono nyuma.

"Travis amenionyesha picha za jana," akasema. "Umetoka vizuri. Kiti chako peke yako, mdomo umejaa nyama. Na Shangazi yako mbele yako, naye kwenye kiti chake kimoja. Kwani si nilisikia mama yako akisema viwili?"

Aciro akaimega chapati yake.

"Mimi si mtu wa maneno," Babra akaendelea, huku akiiangalia chapati mkononi mwa Aciro. "Lakini mtu mwenye njaa husahau kufunga mdomo."

Tangu siku hiyo, kila mapumziko, nusu ya chapati ya Aciro ilihamia kwa Babra. Babra alikuwa rafiki mwema, ila alipenda chapati.

Nusu chapati Aciro angeweza kuivumilia. Alichoshindwa kuvumilia ni kile alichokiona Makindye.

Jumamosi ya pili, Mama alimchukua kwenda kumwona Shangazi. Walimkuta amesimama dirishani, anakunywa chai isiyo na sukari. Mashine ya kufumia ilikuwa imefunikwa shuka. Mashine hiyo husukumwa kwa mkono mmoja na uzi kushikwa kwa mwingine, na Shangazi sasa alikuwa na mmoja tu. Sweta arobaini za shule moja ya Ntinda zilitakiwa kabla ya muhula ujao kufunguliwa.

"Shangazi, keti," Aciro akamwambia, akimsogezea kiti cha mbao.

"Nimechoka kukaa."

Waliongea saa nzima, naye hakuketi. Hata kanisani, majirani walisema, alisimama mlangoni tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kama askari wa zamu. Aciro alipotoka kwenda kuosha vikombe, alimsikia akimwambia Mama kwa sauti ya chini:

"Kingekuwa kimoja, Mama Aciro, ningesema kiti kibovu. Lakini viwili, kama ilivyo kwenye daftari? Viti viwili vizima vimeshindwa kunibeba. Basi ubovu ni wangu. Naogopa kuvunja vya watu."

Aciro aliosha kikombe kimoja mara nne.

Siku chache baadaye, Baba alimwita dada yake nyumbani Mbuya, akamwambia wataenda kudai fidia.

"Kudai nini?" Shangazi akauliza, akiwa amesimama. "Niende mbele za watu niseme mimi mnene nimekaa nikaanguka? Hawajacheka vya kutosha?"

"Dada, kiti kimeandikwa kilo mia na hamsini. Wewe hufiki."

"Umenipima lini?"

"Ukinunua kiti, unanunua na maneno yaliyoandikwa juu yake. Maneno yakiwa ya uongo, mtu akaumia, aliyeyaandika ana deni. Kama wangeandika 'hubeba paka', tungenyamaza."

Shangazi alitikisa kichwa, lakini alikumbuka sweta arobaini, akakubali.

Jumamosi iliyofuata walikwenda Ntinda: Baba, Shangazi, na Aciro aliyebeba mguu wa kiti kwenye mfuko. Duka la Bwana Arsène lilikuwa la jumla, limejaa mabeseni, ndoo, viti na magunia ya sukari hadi darini. Bwana Arsène alikuwa Mkongo kutoka Bukavu, mpole, mwenye kalamu sikioni. Alipoona plasta alivua kofia.

"Pole sana, mama. Mimi nauza tu, sitengenezi. Lakini mteja wangu akiumia, siwezi kujificha nyuma ya mabeseni. Risiti munayo?"

Baba alikuwa nayo, bila mkunjo hata mmoja. Kwa kuwa Baba alikuwa amempigia simu mapema, Bwana Arsène alikuwa amemwita mtu wa kiwandani, bibi aitwaye Munirah, aliyevaa mtandio wa kijani na miwani. Bi Munirah aliangalia risiti, akaangalia karatasi za hospitali, akasoma maelezo ya mashahidi moja baada ya jingine. Alipofika kwenye maelezo ya Aciro, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Afande, hapa imeandikwa viti vilipandanishwa viwili."

"Ndiyo. Kwa usalama zaidi."

Bi Munirah akakigeuza kiti kimoja kilichokuwa dukani. Chini ya kikalio palikuwa na maandishi madogo: Usikalie viti vilivyopandanishwa.

"Vikipandanishwa, miguu hubanana na uzito hulalia upande," akasema. "Kiwanda hakilipi kiti kilichotumiwa vibaya. Nasikitika. Maelezo haya ni yenu wenyewe, na yametiwa sahihi."

Baba, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewabana watu kwa sahihi zao, aliikunja risiti kwa mara ya kwanza.

"Si nilikwambia?" Shangazi akamnong'oneza kaka yake. "Twende nyumbani."

Walimsindikiza Shangazi hadi Makindye. Alipofika aliondoa shuka kwenye mashine, akafunga uzi wa buluu, akajaribu kusukuma kwa mkono wa kulia huku akishika uzi kwa meno. Safu tatu zilienda vizuri. Ya nne ikaruka mishono, na mkono wa sweta ukapinda kama mkia wa mbwa. Akaikata, akaanza tena. Yote hayo aliyafanya wima, amejikunja, na jasho likimtoka.

Aciro alisimama katikati ya chumba.

"Kilikuwa kimoja," akasema.

Hakuna aliyemsikia. Akasema tena, kwa sauti.

"Shangazi, kiti kilikuwa kimoja. Sikuweka viwili. Cha pili nilikikalia mimi, kwa sababu ya gauni. Niliandika uongo."

Mashine ikanyamaza. Baba akageuka polepole, kama mtu anayegeuza lori.

"Uliandika na kutia sahihi?"

"Ndiyo, Baba. Niliogopa watu wangesema ni mimi niliyemwangusha."

Shangazi Helen alitoa uzi mdomoni.

"Kimoja?" akauliza.

"Kimoja, Shangazi."

"Una hakika? Kimoja tu?"

"Kimoja. Picha iko kwa Travis. Babra amekula chapati zangu wiki tatu kwa ajili yake."

Shangazi akavuta kile kiti cha mbao, akashika mgongo wake, akashuka taratibu mpaka akaketi. Kiti kikalia kidogo, kisha kikatulia. Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Wiki tatu," akasema, "nimekula mboga kama mbuzi. Nimeota naketi kanisani na jengo linaanguka. Aciro, ulijua?"

"Nilijua, Shangazi. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini si leo. Leo acha miguu yangu ipumzike kwanza."

Aciro akalia, na hakuna aliyemkataza.

Waliporudi Mbuya, Baba alishusha daftari. Aciro akadhani ukurasa wa maelezo yake utachanwa, akanyoosha mkono.

"Usiguse," Baba akasema. "Maelezo ya kwanza hayachanwi. Yatakaa hapo, na chini yake utaandika ya pili, useme kwa nini uliandika ya kwanza. Anayesoma aone njia uliyopita."

Maelezo ya pili yalikuwa marefu kuliko ya kwanza, maana ukweli una mambo mengi ya kusimulia. Aciro aliandika habari za mvua, gauni, ndovu, hata chapati. Travis akatoa picha, na simu ilionyesha siku na saa iliyopigwa. Babra alimpa Aciro chapati nzima, akisema ni riba.

Walirudi dukani. Bi Munirah alisoma maelezo yote mawili.

"Sasa niamini yapi?" akauliza.

"Ya pili," Aciro akasema. "Ya kwanza yalinisaidia mimi. Haya yananiaibisha."

Bi Munirah akaichukua simu, akahesabu kwenye picha kwa kidole. Viti sita vya buluu. Watu sita, kila mmoja na chake. Wa mbele, Shangazi na soda yake. Wa nyuma, msichana mwenye gauni jeupe, mdomo umejaa nyama.

"Viti sita, watu sita," akasema. "Hakuna kilichopandanishwa." Kisha akainamisha macho. "Mama, samahani, sina njia nyingine. Itabidi tujue uzito wako."

Mizani iliyokuwepo ilikuwa ya kupimia magunia, pale mlangoni, na mlangoni palikuwa na wateja watano na wachukuzi wawili. Baba akaanza kusema kwamba labda wangetafuta zahanati. Shangazi akamzuia kwa mkono mzima.

Akavua viatu, akapanda juu ya mizani.

"Soma kwa sauti, Bwana Arsène," akasema. "Usinipunguzie hata gramu. Hizi kilo nimezilisha mwenyewe kwa jasho langu."

"Mia moja na saba, mama."

"Umesikia, Bi Munirah? Mia moja na saba. Ndovu wenu ni mia na hamsini. Mnanidai kilo arobaini na tatu."

Wachukuzi wakacheka, lakini safari hii walicheka pamoja naye. Hata Bi Munirah alilazimika kufuta miwani.

Baba alikuwa ameleta kiti kimoja kati ya vile vitano vilivyobaki. Wachukuzi wakaweka juu yake gunia la sukari la kilo hamsini. Kikasimama. Wakaweka la pili. Kikalia. Bwana Arsène akaongeza katoni moja ya kilo kumi, na ule mlio wa muwa ukasikika tena. Magunia yakalala sakafuni kama Shangazi alivyolala siku ile uani.

Bi Munirah akaokota mguu uliokatika, akautazama kwa ndani. Plastiki ilikuwa na vishimo vingi, kama andazi lililoumuka.

"Hewa," akasema taratibu. "Imeingia wakati wa kumimina. Si kiti kimoja, huenda ni vyote vya siku ile. Bwana Arsène, usiuze kingine. Afande, nitaandika ripoti leo hii."

"Nipe nakala," Baba akasema. "Tukikaa mwezi bila jibu, tutaipeleka kwenye ofisi ya serikali ya viwango."

Jibu lilikuja kabla ya mwezi kuisha. Kiwanda kiliomba radhi kwa barua, kikalipa matibabu yote ya Shangazi na kipato cha wiki ambazo mkono ulikuwa haufanyi kazi, na viti vya buluu vikakusanywa madukani kabla ya kumwangusha mwingine. Shangazi akamlipa msichana jirani asukume mashine, yeye akielekeza. Sweta arobaini zilifika shuleni siku mbili kabla ya kengele ya kwanza.

Plasta ilipotolewa, Shangazi Helen alikuja Mbuya kula chakula cha mchana. Aliketi barazani na Aciro akimsaidia kumenya karanga.

"Nimekusamehe leo," akasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Sasa nisikilize. Mtu akiumizwa na kitu alichouziwa, si aibu yake. Aibu ni ya kitu. Mimi nilikubali kubeba aibu ya kiti kwa sababu watu walicheka, nikakaribia kupoteza haki yangu. Hilo ni kosa langu. Lako ni jingine. Ulidhani uongo mdogo utakukinga wewe peke yako, hautamgusa mtu. Uongo hauketi peke yake, mwanangu. Huo wako ulinisimamisha mimi wiki tatu, na ukampa mwenye kosa mlango wa kutokea. Haki haitaki kutiwa chumvi. Ipeleke ilivyo, na mguu wake utashika."

"Nimesikia, Shangazi."

"Haya. Lete viti, baba yako anakuja na njaa."

Kiwanda kilikuwa kimeleta viti vingine sita, vya kijani, vilivyopimwa. Aciro akaenda kuvichukua. Kwa mazoea, mikono yake ikapandanisha viwili, akavileta mpaka mbele ya Shangazi, ndipo akagundua alichofanya. Akasimama pale, hajui pa kutazama.

Shangazi Helen akavitenganisha. Kimoja akakiweka chini yake, akakitikisa mara mbili, akaketi. Cha pili akakiweka ubavuni mwake, akakipiga kofi kwenye kikalio.

"Hiki chako," akasema. "Keti hapa karibu, nikuone vizuri."